Kwa nini kuna sungura kwenye kanisa la Pennant Melangell?

Ndugu uliyeuliza kuhusu yule sungura aliyechongwa kanisani Pennant Melangell, huko Powys, Wales: si pambo tu, ndiye asili ya parokia yenyewe.

Masimulizi yanasema Melangell, mtakatifu ambaye kanisa lina jina lake, alikuwa binti aliyekimbia ndoa ya kulazimishwa Ireland, akaishi peke yake akisali katika bonde hilo la Wales. Siku moja Brochwel, mtawala wa Powys, alikuja kuwinda. Sungura akajificha chini ya vazi la binti, na mbwa wakarudi nyuma wakibweka kwa woga. Brochwel akampa bonde lote liwe mahali pa usalama kwa watu na wanyama. Kwa karne nyingi wenyeji walikataa kuua sungura hapo. Waliwaita wana-kondoo wa Melangell. Hili hunigusa kila ninapolikumbuka.

Hadithi hiyo inahusu karne ya 7, lakini jengo unaweza kulishika kwa mkono. Kaburi la mawe la Melangell, lililomo kanisani, lilijengwa karne ya 12. Baada ya Matengenezo ya Kiprotestanti, yaani mageuzi ya kanisa ya karne ya 16, lilivunjwa, na vipande vikatumika kama mawe ya kawaida kwenye kuta za kanisa na lango la makaburi. Mwaka 1958 vilikusanywa na kuunganishwa upya, kisha kazi hiyo ikarudiwa vizuri zaidi wakati kanisa lilipokarabatiwa, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ukifika, tazama pia uwanja wa makaburi: ni wa mviringo, na miti yake ni mikongwe kuliko kanisa lenyewe.