Bega lililoshonwa na hamu ya kurudi kwenye vyuma

Mkuu, pole kwa upasuaji, na hongera kwa kufika hapo. Umesema kano ya bega la kulia, ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa, ilishonwa, sasa ni wiki ya 14, daktari amekuruhusu kuanza mazoezi ya nguvu, na unataka kujua lini urudi kwenye benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu. Nimepita njia hiyo hiyo. Mimi nilianguka na pikipiki, kano ya juu ya bega ikachanika, nikashonwa, mkono ukatundikwa shingoni wiki 6.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba misuli na kano havirudi kwa mwendo mmoja. Misuli ina damu ya kutosha. Ukila vizuri na kuifanyisha kazi, wiki chache tu unaona tofauti. Kano haina haraka hiyo. Wiki za mwanzo kinachoishikilia kwenye mfupa ni uzi wa daktari, na hata wiki ya 12, ambapo wengi huruhusiwa kuanza nguvu, bado inaendelea kukomaa, na itaendelea hivyo kwa miezi. Kwa hiyo kuna kipindi maumivu yameisha, mkono unapanda vizuri, unajisikia mzima kabisa, na ndani kazi haijaisha. Wewe uko kwenye kipindi hicho sasa.

Mimi kilinikuta mwezi wa 4. Maji yalikuwa yamekatika mtaani, nikabeba ndoo ya lita 20 kwa mkono ule ule. Hiyo ni kilo 20 zinaning'inia kwenye kano changa. Wakati nabeba sikusikia kitu. Usiku ndio nilishindwa kulala. Bahati nzuri mtaalamu wa fiziotherapia alinipima akaona haijachanika tena, lakini alinirudisha nyuma wiki mbili nzima, na zile wiki mbili nilikaa na hofu ambayo sitaki uipate. Tangu siku hiyo ndoo, mtungi wa gesi na bomba la daladala ni vya mkono wa kushoto. Daladala hasa: dereva akikanyaga breki ghafla, uzito wako wote unavutwa na bega moja.

Mazoezi yenyewe yalianza madogo mno. Nilisukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja, kiwiko kimekunjwa ubavuni, nahesabu hadi 10, bila mkono kusogea. Kisha nikakata tyubu ya baiskeli, nikaifunga kwenye nondo ya dirisha, nikaweka taulo lililokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, nikawa nauvuta mpira kwenda nje polepole, mara 15, mizunguko mitatu. Hilo la taulo usilidharau, linazuia kiwiko kisikimbie, na misuli midogo inayolishikilia bega ndiyo inayofanya kazi. Nikaongeza kuvuta mpira kuja kifuani kama mtu anayepiga kasia, nikibana mgongo katikati. Pushapu za ukutani, baadaye za mezani, za chini mwisho kabisa. Kwa kunyanyua nilitumia chupa ya maji ya nusu lita, kidole gumba kikiangalia juu, mkono unapanda mbele kidogo ya ubavu na kuishia usawa wa bega.

Sikuongeza uzito mpaka wiki mbili zipite bila maumivu ya usiku. Uchovu wa misuli unausikia juu juu, umetapakaa, na siku mbili umekwisha. Maumivu ya kano yako ndani, kwenye ncha ya bega, au yanashuka ubavuni mwa mkono hadi katikati, na yanakuamsha ukilalia upande huo. Yakija hayo, punguza siku hiyo hiyo.

Miguu fanya bila kusubiri, ila si kwa kuweka chuma mabegani, maana kukishika tu mikono ikiwa nyuma kunalikamua bega.

Sasa benchi. Mimi niligusa chuma mwezi wa 7, kile kitupu cha kilo 20, nikiwa nimelala sakafuni ili viwiko visishuke chini ya mwili, mikono karibu karibu. Benchi lenyewe lilikuja baada ya hapo. Kushusha chuma nyuma ya shingo nimeacha moja kwa moja, sioni faida inayolingana na hatari yake.

Lakini usichukue tarehe zangu kama zako. Muulize daktari wako mambo mawili: mchaniko ulikuwa mkubwa kiasi gani, na je, aligusa pia kano ya baisepsi, ule msuli wa mbele ya mkono unaokunja kiwiko? Mchaniko mkubwa unahitaji subira zaidi, na kama baisepsi ilishikizwa upya, hata kukunja mkono na kichupa cha maji kuna muda wake. Ukipata majibu yaandike hapa, nami nitakuwekea ratiba yangu wiki kwa wiki uipeleke kwa mtaalamu wako aikague.