Bwawa likibomolewa, samaki hurudi wenyewe

Je, bwawa likibomolewa, samaki husubiriwa miongo au ni lazima wapandikizwe kwanza? Hapana, si lazima. Angalia mto Klamath, Marekani: mabwawa manne yalimalizwa kubomolewa mwaka 2024, na Oktoba mwaka huohuo samoni aina ya Chinook, samaki wanaotoka baharini kupanda mtoni kutaga, walionekana hadi kwenye kijito kilichoko jimbo la Oregon, juu ya mahali palipokuwa na bwawa la J.C. Boyle. Walikuwa wamefungiwa njia kwa zaidi ya miaka 100! Kwenye mto Elwha, pia Marekani, bwawa la chini, lililo karibu zaidi na bahari, liliondolewa 2012, na Chinook wakavuka hapo mwaka huohuo.

Tena ukuta wa bwawa haukuzuia samaki peke yake, ulizuia pia changarawe. Samoni jike huchimba kishimo kwa mkia, hutaga humo, kisha huyafukia mayai kwa vijiwe vidogo ili maji yenye hewa yapenye katikati. Chini ya bwawa la zamani mara nyingi hukuti vijiwe hivyo, yamebaki mawe makubwa tu ambayo mkia hauwezi kuyasogeza. Ukuta ukitoka, mto huanza kuzishusha changarawe upya.

Ila tope nalo hushuka, na ndilo la kuogopwa. Likituama juu ya mayai huyanyima hewa, ndiyo maana maji ya bwawa hupunguzwa kwa mpango na kwa msimu unaofaa. Pia tope lipimwe kama lina sumu kabla ya ukuta kuguswa, hasa kama juu ya mto kuliwahi kuwa na viwanda au migodi.