Tasnifu imerudishwa mara mbili

SWALI: Nimemaliza masomo ya darasani ya uzamili wa historia, imebaki tasnifu tu. Pendekezo langu, "Wafanyakazi wa Tanganyika, 1919–1961", limerudishwa mara mbili kwamba ni pana mno. Nifanyeje?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole ndugu, lakini msimamizi wako yuko sahihi. Miaka 42 ya nchi nzima haienei kwenye tasnifu moja. Chukua mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947, uulize swali moja: kwa nini ulisambaa hadi bara?

Kabla ya kwenda Nyaraka za Taifa, chukua barua ya utambulisho ya chuo inayotaja mada yako. Ukishaingia, kuwa makini: wengi hupiga picha kurasa za ndani na kuliacha gamba la faili, na baada ya miezi mitatu wana picha 600 zisizojulikana zimetoka wapi. Ukiruhusiwa kupiga, anza na gamba lenye namba, ndipo ufuate kurasa kwa mpangilio. Barua isiyo na namba ya faili, tarehe na jina la mwandishi haina nafasi kwenye tanbihi, na mtahini wa nje hukagua hizo.

Kumbuka pia kwamba faili hizo ni za mkoloni. Kuli humsikii ila kupitia kalamu ya afisa. Gazeti la Mambo Leo la enzi hizo nalo lilikuwa la serikali ya mkoloni. Kwa hiyo watafute watoto wa makuli uwahoji sasa, wangali hai, hata kabla hujamaliza faili.