Babu alihesabu shairi langu kwa vidole

Nilikuwa kidato cha tano nilipoandika shairi langu la kwanza "la kisasa", nikalipeleka kwa babu barazani kwake Ujiji, Kigoma. Babu shairi halisomi kwa macho. Anakwambia ulisome wewe, yeye anafumba macho na kuhesabu mizani, yaani silabi, kwenye pingili za vidole, dole gumba likitembea: nane, anapumua, nane nyingine. Mstari wangu wa kwanza ulikuwa na mizani saba, wa pili kumi na tatu, wa tatu neno moja tu. Dole gumba likasimama.

"Mjukuu wangu, hii ni barua. Umeikatakata tu."

Nilikasirika. Nikamjibu kwamba hayo ndiyo mashairi huru, yasiyobanwa na vina wala mizani, na kwamba mshairi Kezilahabi alishayatolea diwani, Kichomi, tangu 1974. Leo nina mvi mbili tatu na nakiri: kuhusu mashairi huru babu alikosea, ila kuhusu shairi langu alipatia kabisa.

Kwetu ugomvi huu ni wa nyumbani. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtu wa Ujiji, ndiye aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka 1954, na wazee wetu wanakitumia kama muuza duka anavyotumia mizani yake. Miaka 20 baadaye Kezilahabi na wenzake wakasema vina vinabana, ushairi ushuke kwenye lugha ya mazungumzo ya kila siku. Wakarushiana maneno miaka na miaka.

Wewe unayeanza kuandika, usikimbilie kuchagua upande. Chukua Kichomi uisome kwa sauti. Vina vimeondoka, lakini mahali pake pamekaa kitu kingine: taswira, neno linalorudi, pumzi inayokatwa kwa makusudi. Kwenye shairi langu vina viliondoka, pakabaki patupu. Hata Picasso, aliyezivunjavunja sura za wanawake kwenye turubai mwaka 1907 (vinyago vya Afrika alivyoviona Paris vikiwa vimemkaa kichwani), alifundishwa kuchora kwa kanuni tangu utotoni. Alijua anavunja nini. Basi nilijifungia kwenye tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti. Ubeti wa kwanza ambao dole gumba la babu lilifika nao mwisho ulinichukua wiki mbili, na ulihusu migebuka, samaki wa ziwa letu.

Kosa langu la pili lilikuwa kukariri majina ya mikondo ya fasihi. Daftarini niliandika: udhanaishi, sifa zake tano, na ya kwanza ni kwamba maisha hayana maana. Nikapata alama zangu. Sikujua kwamba Sartre, mwanafalsafa Mfaransa wa udhanaishi huo, kwenye hotuba yake ya Paris ya 1945, alikuwa anasema jambo gumu zaidi: mtu anakuwepo kwanza, halafu anajiumba mwenyewe kwa anayoyatenda, wala hana wa kumsingizia. Ufaransa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa Wajerumani. Kila mtu alikuwa na la kujibu, huyu kwa alichofanya, yule kwa alichonyamazia. Nilipoirudia Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi, na hilo akilini, mhusika wake mkuu Kazimoto hakuwa tena mfano wa sifa namba tatu. Alikuwa kijana msomi aliyerudi kwao, ya wazee hayamwingii na ya shule hayamtoshi, mpaka akajiua. Vijana wa namna hiyo nawajua kwa majina.

Kwa hiyo anza na kitabu, kisha uliza waliokiandika walikuwa wanaumwa wapi. Jina la mkondo litakuja lenyewe. Na ukidhani umeelewa, kamsimulie mtu asiyekupa alama. Mimi nilikwenda Kibirizi, kwa wavuvi wa dagaa, siku za mbalamwezi, ambapo mwezi ukiwa mpevu taa za dagaa hazina kazi na wavuvi wako nchi kavu. Nikamsimulia fundi mmoja wa nyavu habari za Sisyphus, mtu wa hadithi za kale za Wagiriki, yule ambaye mwandishi Mfaransa Camus alimwandika mwaka 1942: anasukuma jiwe mlimani, linaporomoka, anaanza upya milele, nasi tunatakiwa tumwone ana furaha.

Fundi akakata uzi kwa meno, akafunga fundo, akausogeza wavu hadi kwenye tundu lililofuata.

"Linaporomoka kila siku?"

"Kila siku."

"Na hapati kitu?"

"Hapati."

"Sasa mwalimu, huyo unamfananishaje na mimi? Mimi wavu ukichanika, ujue jana ulikuwa na dagaa."

Sina jibu mpaka leo.