Kabla ya kuuliza bei ya boti ya Amsterdam, uliza choo

Usinunue tiketi hiyo. Umeandika kwamba unakuja Amsterdam katikati ya Desemba na mkeo, watoto wawili na mama mkwe wako, kwamba umepata nafasi ya saa kumi na nusu jioni katika boti ya wazi ya kutazama Tamasha la Taa, yenye mablanketi na vinywaji vya moto visivyo na kikomo, na kwamba unaomba ushauri kuhusu hoteli, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege wa Schiphol na namna ya kupiga picha usiku. Mimi nilipofika mahali ambapo "boti ya wazi" na "mama mkwe" yamekaa katika sentensi moja nilisimama hapo hapo, kwa sababu sentensi hiyo niliiandika mwenyewe mwaka 2018, karibu neno kwa neno, na wote walionijibu wakanipongeza.

Kanuni yangu ni moja, nami nitairudia hadi uichoke: kabla ya kuuliza bei ya boti, uliza kama ina choo. Usikubali kuambiwa kwamba kuna choo karibu na gati, wala kwamba safari ni fupi. Uliza kama choo kimo ndani ya boti yenyewe na kama abiria wanaruhusiwa kukitumia usiku huo.

Wakati ule nilikuwa nasoma Delft, mji mwingine wa Uholanzi. Mke wangu alikuja kunitembelea pamoja na binti yetu wa miaka sita na mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa Tanzania hata kwa bahati mbaya. Kila aliyeoa anaelewa nilivyokuwa nimebanwa. Umechukua binti ya watu, ukamwacha na mtoto, ukaja Ulaya kusoma mambo ya maji machafu, na sasa mama amefunga safari kuja kuona kama hicho ulichokifuata kina maana. Nilitaka kumwonyesha kitu ambacho angekisimulia nyumbani mwaka mzima, na tamasha lile lilionekana kuwa jibu. Tangu mwaka 2012, kila majira ya baridi, kuanzia mwisho wa Novemba hadi Januari, wasanii wa nchi mbalimbali huweka kazi za taa juu ya mifereji ya Amsterdam na kando yake, na anayezitazama kutoka majini huona kila kazi mara mbili, ile iliyo juu na ile inayocheza kwenye maji. Mwaka 2016 msanii wa China, Ai Weiwei, alichora mstari mmoja mwembamba wa taa nyekundu, wenye urefu wa kilomita 6.5, ukifuata njia ya boti. Nilikuwa nimeona picha zake, nikasema hapa nimepata.

Sasa nije kwa aliyenipoteza. Alikuwa kaka mmoja, mwenyeji wa miaka mingi, ambaye Watanzania wengi wa huko tulimwendea kwa kila jambo, kuanzia kodi ya chumba hadi mahali pa kununua baiskeli isiyo ya wizi. Alinifundisha kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwafundisha wajinga kwamba boti kubwa zenye paa la kioo ni za watalii, na kwamba anayetaka kuuona mji lazima apande boti ya wazi. Nilipotaja baridi aliniuliza mama anatoka wapi, nikamwambia Makete. Alicheka sana. "Mtu wa Makete unamtisha kwa baridi ya Amsterdam?" Nami nikacheka naye, kwa sababu ni kweli kwamba Makete mwezi Juni na Julai unaweza kuamka ukakuta jalidi nyeupe juu ya nyasi. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba mtu wa Makete akisikia baridi huingia jikoni akakaa karibu na moto. Haketi juu ya maji, bila kutikisika, kwa saa moja na nusu, upepo ukimpiga usoni. Miezi mingi baadaye niligundua kwamba yule kaka alikuwa amepanda boti ya wazi mara moja tu maishani mwake, na ilikuwa mwezi Agosti. Agosti! Nikikutana naye leo bado nitamwamkia, kwa sababu nimelelewa, lakini sitamuuliza tena hata njia ya kwenda sokoni.

Waliotuuzia tiketi nao siwasamehi. Maelezo yao yalitaja mablanketi, mito ya kukalia, chokoleti ya moto na divai ya moto yenye viungo, yakaeleza hata kwamba mbwa anaruhusiwa kupanda. Walimfikiria mbwa. Kuhusu mahali ambapo chokoleti yote hiyo ingeishia hawakuandika hata mstari mmoja.

Tulipanda saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye gati dogo ng'ambo ya kiwanja cha Leidseplein, katikati ya mji. Saa kumi na nusu uliyoichagua wewe ni mapema mno, kwani jua la Desemba ndiyo kwanza linazama saa hiyo, na mwaka ule kazi za sanaa ziliwashwa saa kumi na moja. Lakini kosa la saa unaweza kulirekebisha kwa kubadilisha tiketi, nami nilikuwa nimelikwepa, nikajiona mjanja. Nyuzijoto zilikuwa tatu. Tulikuwa abiria kumi na wawili, tumejipanga kuzunguka meza ndefu, na boti yetu ilikuwa ya umeme, isiyo na mlio wowote. Ukimya ule uliandikwa kwenye tiketi kama sifa. Subiri uone ulivyotufaa.

Kuna jambo ambalo mtu wa mazingira ya maji kama mimi alipaswa kulijua bila kuambiwa. Mwili ukipigwa na baridi, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisipotee, damu nyingi zaidi hurudi kwenye viungo vya ndani, na figo, zikihisi shinikizo hilo, huanza kutoa maji kwa bidii. Kwa maneno mengine, mtu anayekaa kwenye baridi hupata haja ndogo hata kama hakunywa kitu. Mama yeye alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chokoleti, kwa sababu mkwewe, mtu mwerevu kabisa, alimwambia kwamba ni bure na kwamba vitampasha joto.

Tulipoingia mto Amstel na kuanza kuikaribia Magere Brug, lile daraja jeupe la mbao linalopambwa kwa balbu usiku, mama aliinama kwa mke wangu. Aliniruka mimi, ingawa nilikuwa nimekaa karibu naye zaidi, kwa sababu kwetu kuna mambo ambayo mama mkwe hayasemi mbele ya mkwe hata nyumba ikiwaka moto. "Mama Neema, msalani ni wapi humu?" Mke wangu akaniinamia mimi: "Baba Neema, mama anaulizia msalani." Mimi nikamwendea nahodha, kijana mwenye kofia ya sufu, nikamuuliza kwa Kiingereza, naye akageuka akanyoosha kidole nyuma, kule gizani tulikotoka, kuonyesha kwamba choo kilikuwa cha mkahawa ulio karibu na gati na kwamba tulipaswa kukitumia kabla hatujaondoka. Na kwa kuwa boti haikuwa na mlio, mnong'ono wetu uliwafikia wote kumi na wawili. Nilijifariji kwamba angalau hawajui Kiswahili, hadi bwana mmoja aliyekaa nyuma akakohoa na kuuliza, kwa lafudhi ya Mombasa iliyonyooka, kama mama yuko salama.

Nahodha hakuwa mtu mbaya, alitueleza tu hali yake. Boti zilikuwa zimefuatana kama siafu, mahali pa kushukia pa pale palikuwa pa watu wengine, naye hakuweza kusimama katikati ya msururu. Aliahidi kutushusha kwenye ngazi ya kwanza ambayo angeweza kuifikia, kwa sharti kwamba hatatusubiri. Ilichukua dakika kumi na mbili, nami nilizihesabu. Ujue kwamba mwendo unaoruhusiwa katika mifereji ya katikati ya mji ni kilomita 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwenda dukani, na hakuna dharura ya mama mkwe inayoweza kuubadilisha. Kazi moja kubwa ya taa ilipita juu yetu wakati huo, watu wakashangilia na kuinua simu, binti yangu akapiga kelele za furaha. Mama alikaa wima kabisa, mikono miwili ikiwa imekamata blanketi, akitazama mbele kama mtu aliyeketi mbele ya hakimu. Sikumbuki taa ile ilikuwa na umbo gani.

Tulishushwa kwenye ngazi za mawe zilizolowa. Mtoto alikuwa analia kwa sababu boti inatuacha, na nikamvuta mama mkono kumpandisha juu, jambo ambalo sisi wawili hatujalizungumzia hadi leo. Hapo kando ya mfereji kilisimama kile kibanda cha chuma cha rangi ya kijani, kilichojikunja kama konokono, ambacho utakiona sehemu nyingi za Amsterdam. Ni choo, lakini ni cha wanaume wanaosimama tu, na miguu ya aliyemo inaonekana kwa chini. Wanawake wa mji ule wamelilalamikia jambo hilo kwa haki kabisa. Mwaka 2017 kulikuwa na maandamano baada ya hakimu kusema kwamba mwanamke aliyetozwa faini kwa kujisaidia mtaani angeweza kutumia kibanda cha namna hiyo. Ningependa hakimu yule angekuwa nasi usiku huo, amweleze mama mwenyewe.

Tulikimbia hadi mkahawa wa kwanza wenye taa. Choo kilikuwa cha wateja peke yao, kwa hiyo niliagiza haraka chokoleti tatu, ndiyo, chokoleti tena, na keki ya tufaha, wakati mama tayari anatelemka ngazi za kwenda chini. Hesabu yangu ya usiku ule ilikuwa hivi: yuro 104 za boti ambayo tulikaa ndani yake chini ya nusu ya safari, yuro 23 za mkahawani, na nauli ya treni ya kurudi Delft. Sidhani kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kulipia haja ndogo kwa bei hiyo. Tiketi hazikurudishwa. Jibu la barua pepe yangu lilikuwa la adabu sana na lilisema kwamba abiria walishuka kwa hiari yao.

Sasa utaniambia kwamba boti kubwa za kioo zina kasoro zake, na hilo sibishi. Watu wengi wakipumua ndani ya chumba chenye joto kidogo, vioo hushika mvuke baada ya robo saa, na taa za ndani zikiachwa zinawaka utakachokiona dirishani ni uso wako mwenyewe. Kaa karibu na dirisha linalosogezwa, uwahi kwenye foleni ili ulipate, na ubebe kitambaa kinachofyonza maji. Taulo dogo linatosha, ingawa khanga iliyokwisha kufuliwa mara nyingi inafanya kazi nzuri zaidi. Lakini kioo chenye ukungu unaweza kukifuta. Niambie utafuta nini ukiwa katikati ya Amstel, mama mkwe amekaa wima namna ile.

Wako watakaokushauri utembee kwa miguu, kwa kuwa kazi nyingi zinaonekana bure ukiwa kando ya mifereji. Ni kweli, na kwa kijana aliye peke yake mimi mwenyewe ningemwambia hivyo. Kwa msafara wako wa mama na watoto wawili, nitakuuliza swali lile lile kuhusu choo, na jibu lake litakuwa keki za tufaha kila baada ya mita mia tatu.

Kwa hiyo mwandikie anayekuuzia leo hii, kabla hujalipa, umwulize kwa maandishi, nawe uyatunze majibu yake. Mimi safari ya pili nilipiga simu mara mbili, kwa watu wawili tofauti wa kampuni moja, wakashangaa kwamba sikuuliza lolote kuhusu njia, wala punguzo la mtoto, wala taa zenyewe. Tulirudi Amsterdam baada ya siku tatu, nikalipa tena kwa watu wanne, safari hii boti kubwa yenye paa, iliyoondokea karibu na kituo kikuu cha treni. Mama alipanda akiwa na khanga mbili begani. Hakuketi. Alipita katikati ya viti hadi nyuma kabisa, akafungua mlango mdogo, akachungulia, akaufunga, kisha akarudi na kukaa karibu na dirisha.

"Haya, baba," akaniambia mimi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu usiku ule, "tuonyeshe hizo taa zako."

Kwa saa nzima na zaidi alifuta kioo kwa khanga na kutaja kila alichokiona. Choo hakukitumia hata mara moja.