Kutoa Namba za Binari: Jua Ulichokopa

Wewe unayeanza kusoma hesabu za kompyuta, nakushauri utoe namba za binari, zile zinazoandikwa kwa 0 na 1 tu, kwa kalamu na daftari kabla hujagusa kikokotoo. Makosa ambayo nimeyaona kwa wanafunzi wengi, na ambayo hata mimi niliyafanya kwa muda mrefu, hayatokani na ugumu wa hesabu bali na kusahau thamani ya kilichokopwa. Katika namba tulizozizoea, moja inayokopwa kutoka kushoto huja ikiwa kumi. Katika binari huja ikiwa mbili.

Chukua 10100 utoe 00111, yaani 20 kutoa 7. Tarakimu ya kwanza kutoka kulia ni 0, nayo haitoshi kutolewa 1, kwa hiyo inahitaji kukopa. Lakini jirani yake wa kushoto pia ni 0 na hana cha kukopesha, mpaka kwanza akope kutoka kwa ile 1 iliyo katika nafasi ya tatu. Hiyo 1 inabaki 0, nafasi ya pili inapokea mbili, inakopesha moja na kubakiwa na 1, ndipo nafasi ya kwanza nayo inapata mbili zake. Wengi hupotea hapa kwa kuiacha nafasi ya katikati ikiwa 0 kana kwamba mkopo uliiruka. Ikate papo hapo na uandike 1 juu yake. Mkopo mwingine wa namna hiyohiyo utaukuta kwenye nafasi ya tatu, na jibu litakuwa 01101, ambalo ni 13.

Kompyuta, kwa kawaida, haikopi: hugeuza kila biti, yaani kila tarakimu ya binari, ya namba inayotolewa (0 huwa 1, na 1 huwa 0), huongeza 1, kisha hujumlisha. Kwa biti nane, 7 ni 00000111. Ukiigeuza na kuongeza 1 unapata 11111001, na ukijumlisha na 00010100 unapata 00001101 pamoja na biti ya tisa, ambayo huachwa. Jaza sifuri za kushoto kabla ya kugeuza, wala usione ni kazi bure. Niliwahi kuigeuza 111 peke yake, nikapata 000, nikaongeza 1, na 20 kutoa 7 ikanipa 21. Nilirudia kujumlisha mara kadhaa nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo.

Kwa njia hii ya kompyuta, jibu likianza na 1 upande wa kushoto kabisa, ni hasi, nawe utaujua ukubwa wake kwa kugeuza tena na kuongeza 1. Hata hivyo, biti nane hubeba kuanzia -128 hadi 127 tu, hivyo -100 kutoa 50 itakupa 106. Ukiona hasi iliyotolewa chanya imezaa chanya, usikague mikopo wala kujumlisha kwako. Ongeza idadi ya biti na ufanye hesabu upya.