Kabla ya kuomba spika, jiulize zitalala wapi

Kikundi chetu cha ngoma na maigizo hapa Tanga kilipopata ruzuku ya kwanza, tulishangilia kama tumebeba kombe. Tuliomba spika mbili kubwa, mikisa ya kuchanganya sauti, maiki nne na taa za jukwaani, na vyote tukapewa. Mzigo ulishushwa kutoka kwenye basi la Dar jioni moja, mvua inanyesha. Hapo ndipo mweka hazina akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza miezi yote ya kuandika ombi: tunaviweka wapi?

Chumba cha mazoezi kilikuwa cha kupanga. Mlango wa mbao, kufuli moja, bati linavuja. Spika zikaenda kulala sebuleni kwa mama yake katibu, zimefunikwa shuka la maua, na juu yake wajukuu wakawa wanaweka sinia la maandazi. Afisa wa mfadhili alipokuja kukagua aliinua lile shuka, akasoma namba ya kifaa, akapiga picha, akaandika kitu kwenye daftari lake. Hakusema neno baya, hata chai alikunywa. Lakini awamu ya pili hatukuiona.

Wakati ule nilikasirika. Siku hizi namwelewa: anayetoa hela ya vifaa anataka kujua kama miaka mitano ijayo bado vitakuwepo na vinapiga kazi. Kwa hiyo kama jengo si lenu, tafuteni mkataba wa pango wa maandishi, unaozidi muda wa mradi, wenye sahihi ya mwenye nyumba na mashahidi. "Mzee hana neno, ametuahidi" haiingii kwenye fomu. Na kama mnataka kujenga au kuezeka, karatasi za kiwanja ziwe mkononi kabla hamjaandika mstari wa kwanza. Sisi tulipoteza mwaka mzima kwa sababu kiwanja "cha kikundi" kilikuwa bado na jina la muasisi wetu, na muasisi alishafariki. Kuzungushana na warithi kwa jambo hilo, jamani, sikuombei.

Halafu jueni nani anatoa nini. Ubalozi wa Japani, kwa mfano, una mpango wa misaada midogo ya utamaduni ambao shabaha yake hasa ni vifaa na majengo. Kiwango cha juu kwa kawaida ni yeni milioni 10, na gharama za uendeshaji hazimo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unajulikana zaidi kwa mikopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nayo ni mkopo: hauna riba, lakini unarudishwa. Nimeona kikundi kikichukua mkopo kununua ngoma na mavazi kama vile kimepewa zawadi, na marejesho yalipoanza watu wakaacha kupokeana simu.

Kwenye bajeti ndiko tulikoumia zaidi. Tulikusanya profoma tatu, yaani karatasi za bei za wauzaji, Kariakoo, tukachukua bei ya chini, tukaona tumemaliza. Bei ile haikuwa na VAT, asilimia 18. Profoma yenyewe ilikuwa ya siku 30, na jibu la mfadhili lilikuja baada ya miezi saba, dola imeshapanda. Stendi hatukuandika, kebo hatukuandika, wala stebilaiza. Wiki ya tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mikisa ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Fundi alituomba hela ambayo hatukuwa nayo, maana bajeti ya matengenezo ilikuwa sifuri. Siku hizi naandika kila kitu hadi makava, usafiri, na mafunzo ya vijana wawili watakaoshika mitambo. Chumvi ya bahari inakula soketi za kebo kuliko mnavyodhani.

Matengenezo wafadhili wengi hawayagusi, kwa hiyo tuna kopo letu. Spika zikikodishwa harusini, shilingi 10,000 inaingia humo kabla ya mtu yeyote kunywa soda. Someni mkataba wa ruzuku kwanza lakini. Wengine hawaruhusu kukodisha, na harusi za mtaani hazina siri, picha zinasambaa usiku huohuo.

Cheti cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), TIN (namba ya mlipakodi), barua ya serikali ya mtaa, risiti za EFD (mashine ya kodi): hayo mnayajua, yawekeni kwenye faili moja. Ongezeni daftari la vifaa lenye namba ya kila kifaa, nani kachukua, karudisha lini. Letu ni kaunta buku la kawaida, limechafuka mafuta ya nazi, na afisa wa mwaka jana alilipekua kwa muda mrefu kuliko alivyosoma ripoti yetu.

Sasa tunasubiri jibu la ombi jipya: mabati 40, mlango wa chuma, mita ya LUKU ya peke yetu na choo. Spika hazimo.